Apu ya simu kwenye matibabu ya ulaji: hatua kwa hatua, kuanzia kuidaunlodi mpaka kuifuta

Ujumbe naoupata sana ni huu: "Dada, ile apu niliiweka, wiki ya kwanza nikajaza vizuri, wiki ya pili nikaanza kuruka, saa hii hata kuifungua naogopa." Mimi ni kaunsela, niko Mombasa, na wengi wanaokuja kwangu wana bulimia, yani kula kupindukia halafu kujitapisha au kujinyima ili kufidia, au wana ile shida ya kula kupindukia mpaka tumbo linauma halafu aibu inafuata. Nimeshaona apu ikifia mkononi mwa mtu mara nyingi mno, nikaona bora niandike yote mahali pamoja.

Karibu kila mara haifi kwa sababu ya uvivu. Inakufa manake hakuna mtu aliyekuwa anaisoma, au iliwekwa kwenye simu ambayo nyumba nzima inaishika, au ilikuwa ni apu ya kuhesabu kalori tangu mwanzo na ndo ikauchochea ugonjwa.

Hii ni ya mtu mzima mwenye bulimia au anayekula kupindukia, na ambaye ana mtu anayemtibu au yuko mbioni kumpata. Makaunsela na manesi, hatua ya 7 ni yenu, lakini someni yote. Kilo na kalori sitaandika hapa hata moja, kwa makusudi.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Simu ambayo wewe ndo mwenye kuifungua. Kama mnaitumia wawili watatu nyumbani, soma hatua ya 4 kabla hujaweka chochote.
- Mtu mmoja aliyekubali kwa mdomo wake kuwa atasoma unachojaza. Kaunsela, mwanasaikolojia, nesi wa kliniki ya akili, daktari.
- Apu iliyotengenezwa kwa ajili ya maradhi ya ulaji, sio ya kupunguza mwili.
- Daftari dogo la shule na kalamu. Simu huzima, bando huisha, na siku kama hiyo ndo siku ambayo mtu hukata tamaa.
- Majibu ya vipimo kama unajitapisha au unatumia dawa za kukufanya uharishe: damu ya kuangalia potasiamu na chumvi nyingine za mwili, pamoja na kipimo cha moyo cha ECG. Apu haiwezi kuona kuwa potasiamu imeshuka, na ikishuka sana moyo unaweza kusimama huku mtu anajiona mzima tu.
- Dakika mbili, mara tano au sita kwa siku. Basi.

## Nani asianze na apu

Hii usiiruke. Kama unazirai, kifua kinauma, unatapika damu, mapigo ya moyo ukiwa umetulia yako chini ya 40 kwa dakika, au ukichuchumaa huwezi kuinuka bila kushika ukuta, hiyo ni hospitali leo hii, apu itakungoja. Vilevile kama uzito unaporomoka wiki baada ya wiki au umekaa siku kadhaa bila kula kitu cha maana.

Na kwa familia: aliyekaa na njaa muda mrefu asijazwe chakula kwa pupa nyumbani. Najua mnafanya kwa mapenzi. Lakini mwili uliozoea njaa ukirudishiwa chakula kingi ghafla, fosfeti, moja ya chumvi za mwili, inaweza kuporomoka kwenye damu, na hilo linaua. Arudishwe kula chini ya jicho la daktari.

Mwenye kisukari anayechoma insulini aongee na daktari wake wa sukari kwanza. Mtoto aliye chini ya miaka 18 asiachiwe apu peke yake, kwake mzazi ndo anakuwa mbele kwenye matibabu. Na ukiwa na mawazo ya kujiua usingojee siku ya kikao, kwa Kenya namba 1199 ya Msalaba Mwekundu unaipiga bure.

## Hatua ya 1: Pata msomaji kabla ya kupata apu

Watu wanaanza kinyume, wanadaunlodi usiku wa manane baada ya siku mbaya halafu ndo wanatafuta wa kumwonyesha.

Mwongozo wa mwaka 2017 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, unasema mtu mzima mwenye bulimia aanze na programu ya kujisaidia yenye mtu wa kumwongoza, na hapo wametaja vikao 4 hadi 9 vya dakika 20 kila kimoja ndani ya wiki 16. Angalia hapo. Hata huko kunakoitwa kujisaidia, kuna binadamu anakaa na wewe. Dakika ishirini sio nyingi, nesi mmoja mwenye moyo anaweza kuzipata katikati ya kliniki yenye foleni.

Mwambie wazi: "Nataka kurekodi milo yangu kwenye simu, utakuwa unasoma? Siku gani?" Akisema "niletee tu siku ukija", muulize mtasoma pamoja au la. Dada, mama, rafiki wa karibu anaweza kukushika mkono lakini asiwe ndo msomaji wako, manake ukishajua mamako ataona, utaanza kuandika vya kumfurahisha.

Umefaulu hapa ukiwa na jina la mtu na siku ya wiki. Bila hivo viwili usiende hatua ya pili.

## Hatua ya 2: Futa kwanza

Kabla ya kuweka apu mpya, toa zile za zamani. Za kuhesabu kalori, za kufunga kula kwa masaa, za kuhesabu hatua, na zile za afya zilizokuja na simu zizimwe ruhusa zake.

Mwaka 2017 watafiti wa Marekani waliwauliza watu 105 waliokuwa wamepimwa wakaonekana na maradhi ya ulaji, karibu robo tatu walikuwa wameshatumia MyFitnessPal, apu ya kuhesabu kalori, na kati ya hao asilimia 73 walisema wanahisi ilichangia ugonjwa wao. Hiyo haisemi apu ndo iliyowaletea ugonjwa, ni hisia zao wenyewe, lakini mimi inanitosha kusema zisikae kwenye simu moja. Ukiweka apu ya matibabu pembeni ya ile ya kalori, utajaza ya kwanza halafu utaenda kuhakiki kwenye ya pili. Wamenieleza hivo watu wengi, tena kwa aibu, kana kwamba ni wao peke yao.

Ukishindwa kuifuta, usijilazimishe usiku huo. Nenda nayo kwenye kikao, ifuteni mkiwa wawili. Usifanye skrinshoti za rekodi za zamani "kwa kumbukumbu" kabla hujafuta.

## Hatua ya 3: Chagua kwa maswali matano

Inayotumika sana kwenye matibabu ni Recovery Record, ya kampuni ya California. Mgonjwa anaitumia bure na kaunsela ana upande wake wa kusomea. Vitufe vyake utavikuta kwa Kiingereza lakini sehemu za kuandika unaandika Kiswahili chako, hakuna anayekukataza. Ikiwa haikufai au umependekezewa nyingine, iulize haya:

Inakuomba kalori? Ikikuomba, iache.

Ina pahali pa kuandika uko wapi, unahisi nini, na kama ulikula kupindukia au kujitapisha? Chakula peke yake hakitusaidii kitu.

Mtu wako anaweza kukisoma ulichojaza, ama kwa kuunganishwa au kwa kuchapa ripoti?

Ina kufuli yake ya PIN?

Inafanya kazi ukiwa huna bando? Jaribu: zima data, jaza mlo wa kubuni, washa data, uone kama umekaa.

Halafu kuna hizi roboti za kuchati. Hapa niko mkali. Mwaka 2023 chama cha NEDA cha Marekani, ambacho kazi yake yenyewe ni maradhi ya ulaji, kiliiondoa roboti yake iliyoitwa Tessa baada ya kuonekana inawashauri watu kupunguza kalori na kujipima uzito. Yani mtu amekuja kuomba msaada wa kuacha kujinyima, anafundishwa kujinyima. Kama chama cha wenye ujuzi kilipatwa na hilo, roboti ya bure uliyoikuta mtandaoni usiiulize ule nini.

## Hatua ya 4: Funga mlango

Binti mmoja aliyekuwa anakuja kwangu alimpa kakake mdogo simu acheze gemu. Wamekaa mezani, wageni wapo, arifa ikaibuka juu ya skrini kumkumbusha ajaze kama ametapika leo, na yule mtoto, hana kosa lolote, akaisoma kwa sauti. Alikaa miezi bila kugusa apu yoyote. Kwa hiyo fanya haya siku ileile unayoiweka, sio kesho:

1. Weka PIN ya apu ambayo sio ile ya simu wala ya M-Pesa. Ya M-Pesa huenda nyumbani wanaijua.
2. Kwenye mipangilio ya simu ingia sehemu ya arifa, chagua zisionyeshe maandishi skrini ikiwa imefungwa.
3. Jisajili kwa barua pepe ambayo hakuna mwingine anayeiingia. Jina la utani linatosha, kaunsela wako atakujua.
4. Ukiruhusu kamera, hakikisha picha za chakula haziingii kwenye albamu ambayo familia mnaiona pamoja.
5. Usitume rekodi kwa WhatsApp. Kuna siku utakosea grupu.

Simu ikiwa ya watu wengi, simu nyingi za Android zina folda ya siri au nafasi ya mtumiaji wa pili, weka huko. Ikishindikana kabisa au una kabambe, ile simu ndogo ya vitufe, tumia daftari. Sioni daftari kama ni la watu wa chini, matibabu haya yalianza na karatasi na karatasi bado inafanya kazi.

Kuhusu kampuni zenyewe: mwaka 2023 tume ya FTC ya Marekani iliitaka BetterHelp, kampuni ya kaunseli za mtandaoni, ilipe dola milioni 7.8 baada ya kuituhumu kuwapa Facebook na wengine taarifa za afya za wateja kwa ajili ya matangazo. Soma basi sehemu ya faragha, tafuta wanaposema wanampa nani data zako. Sheria ya Kenya ya kulinda data ya mwaka 2019 inaihesabu afya kuwa taarifa nyeti na Tanzania nayo ina sheria yake ya 2022, kwa hiyo kliniki yako ikikwambia jaza tu usiulize, una haki ya kuuliza.

Jaribio la mwisho: funga skrini, mpe mtu simu, ngoja kikumbusho kilie. Asipojua ni cha nini, umefaulu.

## Hatua ya 5: Weka saa za kula, na usichanganye saa

Kiini cha matibabu haya kwa wiki za mwanzo ni kula kwa mpangilio: milo mitatu na vitafunio viwili au vitatu, na pasipite zaidi ya masaa manne hivi bila kitu. Sababu ni ya mwili kabisa, njaa iliyorundikana kutwa ndo inayofungua mlango wa kula kupindukia jioni, na kupindukia ndo kunaleta kutapika, na kutapika kunaleta kujinyima kesho yake. Mduara. Unaukata pale kwenye njaa.

Sasa kosa dogo ambalo nimeliona mara tatu au nne na linaharibu wiki nzima. Simu inasoma saa kwa Kizungu. Mtu anataka kikumbusho cha saa moja asubuhi, anaandika 1:00, kinamwamsha saa saba ya usiku, amekasirika, anazima vikumbusho vyote. Andika hivi:

- saa moja asubuhi: 7:00, chai
- saa nne: 10:00, kitafunio
- saa saba mchana: 13:00, chakula
- saa kumi jioni: 16:00, kitafunio
- saa mbili usiku: 20:00, chakula

Hizo ni mfano tu. Ukiwa zamu ya usiku hospitalini au unafungua duka alfajiri, sogeza zote, cha muhimu ni mwanya kati ya mlo na mlo. Badilisha na maneno ya kikumbusho yawe ya kawaida, "chai", "chakula", yasiwe ya hospitali.

Ile sehemu ya uzito iache wazi. Kwenye matibabu haya unapimwa mara moja kwa wiki, mkiwa na kaunsela, mnaongea kuhusu hiyo namba hapohapo. Kuijaza kila asubuhi peke yako bafuni ni ugonjwa ule ule umepewa skrini.

## Hatua ya 6: Jaza palepale, kwa maneno ya nyumbani

Hapa ndo penye kazi. Christopher Fairburn wa Oxford, aliyeandaa tiba ya CBT-E (CBT ni tiba ya kuongea inayobadilisha fikra na tabia, hii ni ya maradhi ya ulaji), karatasi yake ya kujirekodi ina safu chache tu: saa, ulichokula na kunywa, mahali, nyota ikiwa wewe unaona ulipitiliza, alama ya kutapika au dawa ya kuharisha, na maelezo. Safu ya kalori hakuna. Hiyo nyota ni yako, sio ya daktari, unaweza kuweka nyota kwa chapati moja ikiwa moyoni ulihisi umepitiliza, na hiyo ndo habari tunayoitaka.

Mfano wa rekodi inayosaidia, nimeutunga lakini ndivyo zinavyokaa:

*Saa 1:20 asubuhi. Jikoni, nimesimama. Chai ya maziwa kikombe. Hamri niliacha. Nguo ya jana ilinibana.*

*Saa 10:45 jioni. Chumbani, mlango nimefunga. Viazi karai, nusu mkate, biskuti pakiti. Nyota. Nimetapika. Shangazi alisema mbele ya watu nimenawiri.*

Soma tena hizo mbili. Ukimuuliza mwenyewe usiku atakwambia "mimi sina nidhamu, naona viazi nashindwa". Rekodi inasema kitu kingine: toka saa moja mpaka saa kumi na dakika arubaini na tano tumboni ni kikombe cha chai, zaidi ya masaa tisa, halafu neno la shangazi likaja juu yake. Viazi vilikuwa vya mwisho kwenye foleni.

Ndo maana nasema jaza palepale. Ukingoja usiku, aibu ndo inayoandika. Mtu aliyekula vibaya mara moja saa kumi, ikifika saa nne usiku anaandika "nimekula siku nzima".

Chakula cha sinia. Swali linalorudi kila wiki. Apu inakuuliza gramu ngapi na nyinyi mko wanne kwenye sinia moja la wali. Usipime, usikadirie. Andika "sinia, wanne, upande wangu nimeumaliza, samaki kipande". Ikikataa kuendelea bila kipimo hiyo apu sio yetu. Na wala usiombe sahani yako peke yako ili tu uweze kurekodi, kula na wenzio ni sehemu ya kupona na watu wengi wenye bulimia wameshajitenga na sinia miaka.

Harusi, matanga, maulidi. Usitoe simu katikati ya watu. Jaza ukifika nyumbani, weka saa iliyokuwa kweli.

Picha. Wengine zinawasaidia manake hawana haja ya kuandika. Wengine wanaanza kulinganisha sahani ya leo na ya jana. Ukijikuta unazivuta picha za nyuma kuangalia, zima kamera.

Umefaulu wiki ya kwanza ukiwa na rekodi nne za kweli kwa siku, zikiwemo mbaya. Rekodi safi bila nyota hata moja kwa mtu aliyeanza juzi hunitia wasiwasi kuliko iliyojaa nyota.

## Hatua ya 7: Kwa anayesoma

Mwaka wa kwanza nilipoanza kutumia apu na wateja, mama mmoja aliandika Jumanne, "leo mara tatu, naomba unipigie". Mimi niliifungua Jumatatu iliyofuata. Hakunilaumu, aliacha tu kuandika, na nilipomuuliza akasema alidhani nimeona nikanyamaza. Tangu siku hiyo sianzi na mtu bila kuandikiana haya mawili: nasoma siku gani na saa gani, na usiku sisomi, kwa hiyo la dharura anapiga simu hospitali au namba ya msaada. Mteja asibahatishe kama yupo mtu upande wa pili.

Kwenye kikao fungueni rekodi pamoja dakika kumi za mwanzo. Kila kikao, hata kama kuna jambo lingine limezuka, manake kikao kimoja ukikiruka mteja anaelewa kuwa kujaza ni kazi bure. Mwache yeye akupitishe siku moja, aanze na asubuhi. Ulizeni: mwanya mrefu uko wapi? Nini kilitokea kabla ya nyota? Kuna siku ilienda tofauti, ilikuwaje?

Usisifu wala kulaumu chakula. "Vizuri umekula kidogo" ni sumu, na "loo, nusu mkate?" ni mlango kufungwa. Sifu kuandika. Ukikuta siku tatu tupu usianze na kwa nini hukujaza, sema, "hizi siku tatu zilikuwaje?" na mjaze pamoja kwa kukumbuka. Na kama kliniki yenu mko wengi, mmoja ndo awe msomaji wake, asisomwe na kila aliye zamu.

## Hatua ya 8: Andaa siku mbaya siku nzuri

Apu nyingi zina sehemu ya mbinu za kukusaidia hamu ikipanda, lakini zile zilizomo ni za watu wa mbali, "oga maji ya moto, tembea na mbwa wako". Futa, andika tano zako. Kukaa kibarazani walipo watu. Kumpigia fulani na kuongea mambo mengine kabisa. Kusuka nywele, kutia udhu, kushona, chochote kinachoshika mikono. Hamu ni kama wimbi, hupanda halafu hushuka lenyewe, unachotafuta ni kulipita tu.

Na likikushinda, ukala, ukatapika, fanya haya kwa mpangilio huu: suuza mdomo kwa maji, usipige mswaki saa ileile manake asidi imeshalainisha meno. Jaza rekodi hata kwa neno moja. Halafu mlo unaofuata ule kwa saa yake. Huu wa mwisho ndo mgumu kuliko yote na ndo unaookoa kesho, ukiuruka umeuanza mduara upya.

## Funga, Ramadhani na maombi ya kufunga

Mgonjwa ameruhusiwa kutofunga, Qurani yenyewe imesema kwenye Al-Baqara aya ya 184 na 185. Najua bado inauma kuonekana unakula mchana nyumba yote imefunga, kwa hiyo ongea mapema, kabla mwezi haujaandama, na daktari wako na sheikh unayemwamini, ikiwezekana wote wawili wasikie kitu kimoja.

Daktari akikuruhusu kufunga, hamisha vikumbusho vyote vikae kati ya magharibi na alfajiri: futari, chakula cha usiku baada ya tarawehe, kitafunio kabla ya kulala, daku. Daku isirukwe, ukiona umeanza kuilala siku tatu mfululizo mwambie msomaji wako. Usipofunga, vikumbusho vibaki vilivyo na uwe na mahali pa kula kwa staha.

Kuna jambo ambalo watu hawalisemi. Sunna za Jumatatu na Alhamisi, au siku 21 za maombi kanisani, zinaweza kuwa kificho cha kujinyima na hakuna atakayekuuliza, utasifiwa. Sihukumu ibada ya mtu. Jiulize tu ukiwa peke yako na Mungu wako: ningefunga leo kama kufunga kungeninenepesha? Jibu liandike kwenye sehemu ya maelezo.

## Hatua ya 9: Wiki ya nne, kateni shauri

NICE wanasema kujisaidia kwa mwongozo kusipoleta mabadiliko baada ya wiki 4, mtu apewe tiba ya ana kwa ana ya CBT ya maradhi ya ulaji. Kwa hiyo tia alama kwenye kalenda. Siku hiyo msihesabu ni siku ngapi umejaza. Angalieni: mianya imepungua? Nyota na kutapika vimepungua hata kidogo? Unajua sasa kinachotangulia?

Na angalieni upande wa pili. Unaifungua mara ishirini kwa siku? Huwezi kutia tonge kabla hujaandika? Unarudi kubadilisha rekodi za jana zionekane safi? Siku ukisahau unajiona mchafu? Hayo yakiwepo, apu imekuwa kamba mpya shingoni, iacheni hata kama kila kitu kimejazwa vizuri, rudini kwenye daftari au muongee tu. Sio kushindwa. Matibabu yanaendelea, kifaa ndo kimebadilishwa.

Pale Pwani kupata mwenye ujuzi wa maradhi haya ni safari, najua. Omba rufaa kupitia kliniki ya akili iliyo karibu nawe, na nenda na ripoti ya hizo wiki nne mkononi, daktari mpya ataelewa kwa dakika tano kile ambacho ungekieleza kwa vikao vitatu.

## Hatua ya 10: Kuiacha

Apu hii sio ya maisha. Milo ikishajipanga kwa wiki kadhaa na nyota zimekuwa za nadra, anza kupunguza na msomaji wako: jaza siku moja unaruka moja, halafu mlo mmoja tu ule unaokusumbua, halafu usijaze kwa wiki mbili mwone. Zikirudi nyota mbili mfululizo, rudi kujaza wiki moja, bila hukumu.

Siku ya kuifuta, chapa ripoti moja mpe kaunsela aiweke kwenye faili. Halafu ingia ndani ya apu ufute akaunti na uombe data zako zifutwe, manake kuondoa ikoni kwenye skrini hakufuti kitu huko kwenye kompyuta zao. Ondoa na ile barua pepe kama uliifungua kwa kazi hiyo tu. Toa vikumbusho.

Vyote isipokuwa unachotaka mwenyewe. Yule binti wa arifa ya mezani alirudi baadaye, tukaanza na daftari, akahamia apu, akaifuta mwaka jana. Amebakisha kengele moja tu ya kawaida ya simu, inalia saa kumi jioni, na ameipa jina "chai na hamri".